Intaneti ya Nyumbani Inakatikakatika kwenye Kompyuta ya Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila anayeomba msaada huanza na maneno mawili: "Net inasumbua." Fundi hawezi kufika mbali na maneno hayo, kwa sababu kati ya kibodi yako na ukurasa unaoutaka kuna vituo vitano: kompyuta yenyewe, waya au mawimbi, ruta, laini ya mtoa huduma, na seva, yaani kompyuta iliyoko mbali inayohifadhi ukurasa huo. Kituo chochote kikiugua, unachokiona kwenye skrini ni kilekile: kiduara kinazunguka. Ndiyo maana watu hununua ruta mpya wakati mgonjwa ni waya, au hugombana na mtoa huduma wakati mgonjwa ni betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta. Majibu yaliyo hapa yanakusaidia kujua kwanza ni kituo gani kimekatika. Ukishakijua, matengenezo yenyewe mara nyingi huchukua dakika tano.

Nianzie wapi intaneti ikikatika?

Usizime chochote bado. Najua mkono unawasha kuchomoa ruta, lakini ukiichomoa unafuta ushahidi.

Chukua simu, zima data yake, ibakie kwenye Wi-Fi ya nyumbani peke yake, kisha fungua ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo. Kuzima data ni lazima, maana simu nyingi hujihamishia kwenye data kimya kimya pindi Wi-Fi inapolegea, nawe ukadhani nyumba nzima iko salama. Simu ikifungua ukurasa, tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye njia yake ya kufika kwenye ruta. Simu nayo ikikwama, tatizo liko kwenye ruta au mbele yake. Kipimo hiki cha nusu dakika kinaondoa nusu ya mambo ambayo ungehangaika nayo bure.

Halafu tazama taa za ruta, na ukiweza zipige picha. Piga nyingine siku mtandao uko mzuri, ili uwe na cha kulinganisha.

Nitajuaje kama mkosaji ni ruta yangu au ni mtoa huduma?

Hapa kila mwamba ngoma huvutia kwake: wewe unasema ni wao, wao wanasema ni kompyuta yako. Anayeamua ugomvi huu ni amri moja fupi iitwayo ping. Hutuma kijipakiti kidogo cha data, husubiri jibu, na hukuambia jibu limechukua muda gani.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika ipconfig. Tafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ni anwani ya ruta yako, na kwa nyumba nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika ping -t ikifuatiwa na anwani hiyo. Fungua dirisha la pili la namna hiyohiyo, uandike ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva ya Google iliyoko nje ya nyumba yako. Wa Linux na Mac hawahitaji -t. Kwao ping huendelea yenyewe mpaka uisimamishe kwa Ctrl na C.

Yaache madirisha yote mawili yakitembea, wewe endelea na kazi zako. Siku hiyo mtandao utakapokatika, yatazame kabla ya kugusa kitu kingine.

Yote mawili yakisimama kwa wakati mmoja, kilichokatika ni njia kati ya kompyuta na ruta, au ruta yenyewe imezimika. Usimpigie mtoa huduma.

La ruta likiendelea vizuri na la 8.8.8.8 likasimama, nyumba yako haina kosa, au angalau kosa halianzii kwenye kompyuta. Sasa mpigie.

Yote mawili yakiendelea vizuri na bado kurasa hazifunguki, intaneti ipo. Kinachosumbua ni kutafsiri majina ya tovuti, au kivinjari, au saa ya kompyuta, au programu fulani iliyojiweka katikati. Nitaeleza mbele.

Yote mawili yakiendelea lakini namba za muda zikipanda na kushuka kama homa, kuna msongamano au mawimbi yanapotea njiani.

Namba zenyewe zisomwe hivi. Kwa waya, ruta hujibu ndani ya milisekunde 1. Ikizidi hapo mara kwa mara, uliza kwa nini. Kwa Wi-Fi, milisekunde 2 hadi 10 ni hali ya kawaida, na ukiona 3, 4, 3, kisha ghafla 280, kisha 5, tatizo liko hewani. Kwa 8.8.8.8 usihangaike sana na ukubwa wa namba, kwa kuwa unategemea umbali wako na seva iliyo karibu. Angalia kama inatulia. Milisekunde 90 zilizotulia ni bora kwa simu za video kuliko 20 zinazoruka hadi 400.

Angalizo moja: baadhi ya ruta zimepangwa zisijibu ping kabisa. Fanya jaribio mara moja wakati mtandao ni mzima, uhakikishe kwamba yako hujibu, kabla hujauchukua ukimya wake kuwa ushahidi.

Simu na laptopu zote zinapata mtandao vizuri. Kwa nini kompyuta ya mezani peke yake ndiyo inakatika?

Swali hili huja kuliko yote, na sababu yake ni ya kimaumbile kabla ya kuwa ya kiufundi. Simu unaishika mkononi, unasogea nayo. Kompyuta ya mezani hukaa pale ilipowekwa: chini ya meza, mgongo ukutani, sanduku la chuma likiwa limesimama katikati ya antena na ruta. Mawimbi ya redio hayapendi chuma.

Geuza sanduku ulitazame nyuma. Kompyuta nyingi zenye Wi-Fi zina tundu mbili ndogo za dhahabu zenye uzi wa kufungia antena. Nimeshaona zaidi ya mara moja tundu hizo zikiwa wazi, na antena ziko kwenye boksi juu ya kabati, hazijatolewa hata kwenye mfuko wake. Bila antena kompyuta bado huiona Wi-Fi, huunganika, na huonyesha vijistari viwili vitatu. Ukianza kazi ndipo inapodondoka. Kazifunge, na kama zina waya wake, ziweke juu ya meza.

Kama unatumia kidude cha Wi-Fi cha USB, usikichomeke nyuma ya sanduku, na kisiwe jirani na diski ya nje au flashi ya USB 3.0. Mwaka 2012 Intel ilichapisha waraka wa kiufundi ulioonyesha kwamba vifaa na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi. Dalili ni ya kuchekesha: mtandao unakufa kila unapoanza kunakili mafaili kwenye diski. Dawa ni waya mfupi wa kurefusha USB, ili kidude kikae mbali na sanduku, mahali peupe.

Baada ya hapo angalia uokoaji wa umeme. Windows huweza kuizima kadi ya mtandao ikidhani haitumiki, kisha ikachelewa kuiamsha. Ingia Device Manager, fungua sehemu ya Network adapters, bofya mara mbili jina la kadi yako, nenda kwenye kichupo cha Power Management, na uondoe alama kwenye kisanduku kinachoruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Si kadi zote zina kichupo hicho. Usipokiona, endelea mbele.

Mwisho ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo. Kama tatizo lilianza siku chache baada ya sasisho, kichupo cha Driver kina kitufe cha kurudisha ile ya zamani. Kama draiva ni ya miaka mingi, pakua mpya kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta au ubao mama. Zile programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache huko huko ziliko.

Kwa Wi-Fi kwenye Windows 10 na 11 kuna hazina ambayo wengi hawaijui: fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport. Itakutengenezea ukurasa unaoonyesha siku tatu zilizopita: kila muunganisho, kila kukatika, na sababu iliyorekodiwa.

Waya au Wi-Fi?

Waya. Kompyuta haitembei, kwa hiyo haina faida inayoipata kwa kukosa waya. Waya wa daraja la Cat5e au Cat6 unafika hadi mita 100 bila shida, na nyumba nyingi hazihitaji hata mita 20. Ukiwa na mashaka kabisa kuhusu chanzo cha tatizo, hata waya wa kuazima uliolazwa sakafuni kwa siku moja utakupa jibu: mtandao ukitulia, mkosaji ni Wi-Fi.

Tayari natumia waya na bado unakatika.

Shika kichwa cha waya, kivute taratibu. Kikitoka bila kubonyezwa, kile kijiulimi cha plastiki kimevunjika, na kila mtu akitikisa meza muunganisho unapotea. Badilisha waya, usiuzibe kwa karatasi.

Ndani ya waya huo kuna nyuzi 8, yaani jozi 4. Muunganisho wa Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) hutumia jozi 2 tu, wa Mbps 1000 hutaka zote 4. Uzi mmoja ukikatika ndani, mara nyingi mtandao haufi. Unashuka kutoka 1000 hadi 100, au unapanda na kushuka, na kila unapobadilika unakatika kwa sekunde kadhaa. Fungua mipangilio ya Ethernet uone kasi ya muunganisho. Kama ruta na kompyuta zote ni za 1000 na unaona 100, umeshampata mwizi. Jaribu waya mwingine kwanza, halafu tundu nyingine ya ruta. Kununua kadi mpya kuje mwisho.

Angalia pia waya unapitia wapi: mguu wa kiti, ukingo wa mlango, panya.

Na kuna kosa moja ambalo mtu hulifanya akiwa anapanga vizuri nyumba yake: anauona waya unaning'inia kwenye swichi (kile kisanduku cha kugawa mtandao wa waya kwa vifaa vingi), anauchomeka kwenye tundu iliyo wazi, kumbe ncha ya pili iko kwenye swichi hiyohiyo. Pakiti zinaanza kuzunguka bila mwisho, taa zote zinapepesa kwa kasi moja, na nyumba nzima inakosa mtandao. Chomoa waya huo, kila kitu kinarudi papo hapo.

Unakatika saa fulani tu. Kuna maana?

Kuna maana kubwa, na uandike saa hizo.

Kila jioni unakuwa mzito kwa watu wote nyumbani, hata kwa waya: huo ni msongamano kwenye laini ya mtoa huduma au kwenye mnara. Huwezi kuutengeneza, unaweza kuupima na kulalamika.

Jioni unasumbua kwa Wi-Fi lakini kwa waya uko shwari: majirani wamerudi nyumbani na ruta zao zinagombania chaneli moja. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ingia kwenye ruta, chagua kati ya hizo ile yenye watu wachache. Ukichagua 3 au 8 ukidhani umewakimbia, umejiweka katikati ya makundi mawili. Bora zaidi, hamia 5 GHz kama ruta na kompyuta zinaiweza. Ina nafasi nyingi zaidi, ila haipenyi kuta vizuri.

Unakatika mtu anapopasha chakula: tanuri la maikrowevu hufanya kazi karibu na 2.45 GHz. Hilo si la kubuni. Hamia 5 GHz au sogeza ruta.

Uko 5 GHz na Wi-Fi inapotea kabisa kwa dakika moja au zaidi kisha inarudi: huenda ruta yako iko kwenye chaneli kati ya 52 na 144, ambazo katika nchi nyingi hutumiwa pia na rada, za hali ya hewa zikiwemo. Ruta ikihisi rada, sheria inailazimu ihame, na kabla ya kuanza kutumia chaneli nyingine ya aina hiyo lazima isikilize kwa angalau dakika moja. Ipange kwenye 36, 40, 44 au 48.

Unakatika kwa mpangilio wa saa, mathalani kila baada ya saa 24 kamili: hiyo ni ratiba. Aidha ruta imepangwa kujizima na kujiwasha, au mtoa huduma huukata muunganisho na kuuanzisha upya. Umwulize.

Nimelipia Mbps 40, mbona napakua kwa 5 tu?

Huenda unapata yote. Watoa huduma huhesabu biti, vivinjari huhesabu baiti, na baiti moja ni biti 8. Mbps 40 ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 5 kwa sekunde.

Kama hesabu bado haikubali, pima kwa waya, ukiwa umefunga programu nyingine, vifaa vingine vikiwa vimetoka kwenye mtandao, na urudie asubuhi, mchana na usiku. Kipimo kimoja cha kwenye simu kutoka chumba cha mwisho hakithibitishi kitu mbele ya mtoa huduma.

Mtu mmoja akianza kupakia video, sisi wengine wote tunakwama. Si kasi yetu ni kubwa?

Kasi ya kupakua ni kubwa. Ya kupakia kwa kawaida ni ndogo zaidi, na ndiyo inayojaa. Mambo mawili hutokea hapo. Kwanza, hata ukipakua, kompyuta yako lazima itume risiti za kuthibitisha kwamba data imefika. Risiti zikikwama kwenye foleni ya kupakia, upakuaji nao hupungua. Pili, ruta nyingi hujaza foleni ndefu mno badala ya kukataa pakiti mapema, kwa hiyo ombi lako dogo la kufungua ukurasa linasimama nyuma ya video nzima ya mtu mwingine. Ping inapanda kutoka 30 hadi 800 na hakuna pakiti hata moja inayopotea. Ukitazama kipimo cha kasi peke yake hutaliona tatizo hili.

Kwenye ruta tafuta kipengele cha kupanga foleni ya data, kiitwacho QoS au, bora zaidi, SQM. Weka kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi yako halisi, tuseme asilimia 85 hadi 90. Inashangaza kwamba kupunguza kasi kunafanya mtandao uonekane umeongezeka, lakini ndivyo ilivyo: foleni inahamia mahali ambapo ruta yako inaisimamia yenyewe.

Kama ruta haina kipengele hicho, mtafute anayepakia. Kwenye Windows fungua Task Manager, bofya kichwa cha safu ya Network, programu zitajipanga kuanzia inayokula zaidi. Mara nyingi si mtu. Ni programu ya kuhifadhi picha mtandaoni iliyokumbuka kazi yake saa hizo, au masasisho ya Windows, ambayo yanaweza kupangwa yawagawie hata kompyuta za watu wengine kupitia laini yako. Hilo la kugawa lizime katika mipangilio ya masasisho, sehemu ya Delivery Optimization.

Kompyuta inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti.

Andika ipconfig utazame anwani yako ya IPv4. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Chunguza waya, kisha andika ipconfig /release halafu ipconfig /renew. Ikirudi ileile, iwashe ruta upya.

Ikiwa anwani ni nzuri lakini unapata mtandao kwa zamu na kifaa kingine, yaani kimoja kikiingia kingine kinatoka, basi viwili vimepewa anwani moja. Hutokea pale mtu alipoandika anwani kwa mkono, au pale ruta mbili zilizounganishwa zinagawa anwani kila moja kivyake. Rudisha kompyuta kwenye kupokea anwani yenyewe, na ruta ya pili izimiwe DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani.

Baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine zinagoma. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa njia tatu ninazozikuta mara nyingi.

Ya kwanza ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ikichechemea, ping 8.8.8.8 inajibu lakini majina hayafunguki. Andika ipconfig /flushdns kufuta kumbukumbu za zamani. Kama haitoshi, kwenye mipangilio ya muunganisho weka DNS ya 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google, ujaribu tena.

Ya pili ni saa. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako ikiamini kuwa tuko miaka kadhaa nyuma, itakiona cheti halali kuwa bado hakijazaliwa, nacho kivinjari kitakataa kuingia na kukutisha kwa ukurasa wa onyo. Kwenye kompyuta za mezani chanzo cha kawaida ni betri ya mviringo iliyo kwenye ubao mama, aina ya CR2032 ya volti 3. Ikichoka, saa inapotea kila umeme unapokatika. Rekebisha tarehe, kisha badilisha betri; ni kazi ya dakika chache, kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani.

Ya tatu ni ukubwa wa pakiti. Laini zinazotumia PPPoE (njia ambayo ruta huingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila) hubeba pakiti zisizozidi baiti 1492, badala ya 1500 za kawaida. Ruta ikipangwa vibaya, kurasa nyepesi hufunguka na nzito hukwama katikati. Angalia thamani ya MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti, kwenye ruta.

Kabla ya yote hayo, zima VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine) na ujaribu kivinjari kingine. Nimewahi kutumia saa nzima kwenye ruta ya mtu, kumbe VPN ya majaribio ilikuwa imeisha muda.

Kuzima na kuwasha ruta kunatibu kila mara. Niendelee hivyo?

Mara moja kwa miezi kadhaa, hakuna neno. Kila siku, unaficha maradhi. Shika ruta: ikiwa ya moto kupita kiasi, iondoe kwenye kabati na juu ya vifaa vingine vyenye joto. Ingia kwenye ukurasa wake utazame imewaka kwa muda gani. Kama ni dakika 40 na wewe hukuizima, inajizima yenyewe, na mshukiwa wa kwanza ni adapta ya umeme iliyochoka. Adapta mpya iwe na volti zilezile, mwelekeo uleule wa chanya na hasi, na ampea zilezile au zaidi. Halafu sasisha programu ya ndani ya ruta.

Ukiizima, subiri nusu dakika. Kama kifaa cha mtoa huduma kimetengana na ruta, washa hicho kwanza, kitulie, ndipo ruta, ndipo kompyuta. Na kwenye Windows chagua Restart, si Shut down. Kwa mipangilio ya kawaida, Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo ili kompyuta iwahi kuwaka kesho yake, na hitilafu ya draiva inaweza kulala humo na kuamka nayo.

Nina faiba na kuna taa nyekundu.

Kwa vifaa vingi taa hiyo imeandikwa LOS, na maana yake mwanga haufiki. Angalia kama ule waya mwembamba umekunjwa kwa kona kali au umebanwa na fanicha, unyooshe taratibu. Usiuchomoe, na usichungulie ndani ya ncha yake, maana mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Taa isipozimika, ni kazi ya mtoa huduma.

Natumia ruta ya laini ya simu.

Basi sogeza ruta kabla ya kufikiria lolote. Kwenye ukurasa wake tafuta namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi, ambayo huwa hasi: –80 ni nzuri, –100 ni ya kubahatisha, chini ya –110 utateseka. Jaribu dirisha baada ya dirisha, ukisubiri dakika moja kila mahali namba itulie. Kama ukurasa unaonyesha pia SINR, yaani usafi wa mawimbi dhidi ya kelele, chagua mahali yenyewe inapopanda, hata RSRP ikishuka kidogo. Ruta ikikaa mbali na kompyuta kwa sababu hiyo, vuta waya mrefu kati yake.

Nirudishe mipangilio yote mwanzo?

Kwenye Windows ipo Network reset. Inafuta nywila za Wi-Fi na mipangilio ya VPN, kwa hiyo ziandike kwanza. Kwenye ruta, kile kitundu cha kubonyeza kwa sindano kinafuta hata jina na nywila alizoweka mtoa huduma. Usipokuwa nazo, utakuwa umebadilisha mtandao unaokatika kuwa mtandao usiokuwepo. Iwe hatua ya mwisho.

Kirudishia mawimbi kitasaidia?

Kikiwekwa nusu ya njia, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri, ndiyo. Watu hukiweka kwenye chumba kilichokosa mawimbi, nacho kinarudia ukosefu. Tena cha bei rahisi hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo kasi hushuka karibu nusu. Kwa kompyuta ya mezani, waya bado unashinda.

Nimwambie nini mtoa huduma ili anisikilize?

Mpe vitu, si hasira. Tarehe na saa za kukatika kwa siku tatu; matokeo ya ping mbili yanayoonyesha ruta inajibu na 8.8.8.8 haijibu, yakiwa yamepimwa kwa waya. Picha ya taa za ruta wakati wa tatizo. Anza kwa kusema, "Nimepima kwa waya, ruta inajibu chini ya milisekunde 1, nje hakujibu kuanzia saa 2:14 hadi 2:31 usiku." Utaona anaruka yale maswali ya kukuambia uzime na uwashe. Omba namba ya malalamiko, uiandike.

Nimepima vyote, vyote viko sawa, na bado unakatika.

Badilisha kitu kimoja tu kwa siku, uandike. Ukibadilisha vitatu na mtandao ukapona, hutajua ni kipi, na ukirudi kuugua utaanza upya.

Halafu tazama vilivyochomekwa karibu. Niliwahi kukaa wiki mbili na ruta yangu mwenyewe: ping ya ruta ilikufa kama mara nne kwa siku, bila saa maalumu, waya mpya, adapta mpya. Siku moja nikiwa nimesimama kando yake nikasikia friji ikinguruma kuanza, na palepale taa za ruta zikazima zikawaka. Zilikuwa kwenye ekstensheni moja. Mota ya friji ilipoanza ilivuta umeme mwingi kwa mpigo, volti zikashuka, ruta ikajizima na kujiwasha. Nilihamisha plagi ya ruta kwenye soketi ya ukuta wa pili.